Mzito wa Nini

Mshona nguo anasema alikuwa kwenye cherehani yake, anapinda upindo wa sketi, alipomwona mwalimu anavuka barabara na barua mkononi. Anasema mwalimu alisimama mlangoni pa mashine ya kusaga, mbele ya foleni ya wateja, akaisoma barua ile kwa sauti mpaka mwisho. Mama wa mtoto akaanguka juu ya magunia. Baba akazima mashine, akavua mkanda wa suruali, akamkimbiza mwalimu hadi kona ya duka la simu. Kila anapoisimulia, ile kona inasogea mbele kidogo.

Mwalimu hakuja. Barua ilikuja Jumanne ndani ya daftari la hisabati, imekunjwa mara mbili, na aliyeisoma kwa sauti ni mshona nguo mwenyewe. Hapo ndipo anaporuka kila akisimulia.

Mama wa mtoto aliishia darasa la nne. Herufi za kuchapa anazisoma, hata zile ndogo za kwenye pakiti za dawa, ila mwandiko wa kuunganisha unamshinda. Anauona kama uzi uliofumuka. Mumewe, msagaji, anasoma vizuri, lakini saa hiyo mashine ilikuwa inanguruma na foleni imefika nje, na msagaji yule akishaiwasha mashine haizimi kwa ajili ya karatasi. Basi mama akajifuta unga, akavuka barabara.

Mshona nguo akavaa miwani, akasoma:

"Kwa wazazi. Nimemfuatilia binti yenu tangu muhula uliopita na sasa nina uhakika kwamba ni mzito. Jambo hili halifai kumalizwa kwa barua. Naomba mfike wote wawili Ijumaa saa nane mchana. Tafadhali msimpige."

Mara ya kwanza aliisoma kwa mdomo, mara ya pili kwa macho tu. Akavua miwani.

"Shoga, kaa kwanza."

"Nakaaje na foleni ile? Wanasemaje?"

"Si umesikia. Wanasema mtoto mzito."

"Mzito wa nini?"

"Wa nini tena? Mtoto wa kike, miaka kumi na mitatu, akiwa mzito anakuwa mzito wa mawe? Na wamekuombeni msimpige. Mtu haombi hivyo kwa sababu ya hesabu."

Mama aligeuka kutazama upande wa pili wa barabara. Binti yake alikuwa amesimama kwenye mizani, anamimina mahindi. Tangu muhula uanze alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, na mpaka asubuhi ile jambo hilo lilikuwa likimfurahisha.

Mtoto huyo watu walimwita Mizani. Kila akitoka shule, na Jumamosi kutwa nzima, yeye ndiye aliyekuwa akipima. Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule nyuma ya mashine, ukuta mmoja katikati, na kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni ndani mle hakuna aliyezungumza. Walipiga kelele au walifanya ishara. Vidole vikisuguana, ni unga laini. Kiganja kikipinduliwa, ni kukoboa. Yaliyobaki baba aliyasema kwa midomo tu, akiwa kule juu kwenye mdomo wa mashine, nyusi nyeupe kama babu, na Mizani huku chini alijua ni debe la nani na linakwenda wapi. Hakuwahi kukosea. Mashine ikizimwa, nyumba nzima iliendelea kupiga kelele kwa mazoea, mpaka wageni walidhani wanagombana.

"Mtoto wenu mpole," wateja walikuwa wakisema. Wengine waliongeza, "Ila maringo anayo. Ukimsalimu kwa nyuma hageuki."

*

Msagaji aliambiwa jioni, mashine ilipozimwa ipoe. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha mkewe kuliko kelele. Aliisoma barua mwenyewe, akaikunja vilevile ilivyokuja, akaitia mfuko wa shati.

"Ijumaa tutakwenda kumjua mwenye mzigo wake," alisema. "Baada ya hapo shule basi. Atapima hapa hapa."

"Baba Mizani, hata hatujamuuliza."

"Muulize wewe. Wewe ndiye mama."

Mama akamwingiza binti chumbani. Hakuweza kumtazama usoni, kwa hiyo alianza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa, mgongo kwake, akauliza ni nani. Hakujibiwa. Akauliza tena, ni nani, mwalimu, mwanafunzi, au mtu wa mtaani. Kimya. Kimya kile alikichukua kuwa ndiyo. Alipomgeukia na kumshika bega, "Nani kakufanya hivi?" binti alimtazama midomo na kujibu, "Kanifanya nini?" Mama akaona ni ujeuri. Akampiga kofi moja, kisha akakaa kitandani akalia yeye.

Jumatano alimpeleka zahanati. Walikaa benchi la wajawazito kwa sababu ndiko walikoelekezwa, katikati ya wanawake watu wazima waliokuwa wakisogeza miguu yao kumpa mtoto nafasi. Wengine walimwonea huruma waziwazi, wakitikisa vichwa. Nesi alimuuliza Mizani swali lile lile mara tatu, ya tatu kwa kupayuka, ukumbi mzima ukasikia, mtoto akajibu. Akaingizwa nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa ameshika mkanda wa sketi kwa mikono miwili.

"Huyu hajaguswa, mama," nesi alisema. "Mpeleke mtoto nyumbani."

Nesi alimwandikia karatasi. Msagaji aliisoma akiwa amesimama, akamrudishia mkewe.

"Nesi amemwona dakika tano. Mwalimu amemfuatilia muhula mzima, na kaandika ana uhakika."

"Karatasi zote mbili ni karatasi."

"Ile ina muhuri wa shule. Hii ina nini? Kalamu ya bluu."

Alhamisi mtaa wote ulijua. Hakuna aliyesema kwa sauti, maana watu wana adabu zao. Walinong'ona. Barazani kwa mshona nguo walikaa wanawake wanne wakiziba nusu ya mdomo kwa upande wa duka la simu, wakasahau nusu ya kuelekea mashine. Ng'ambo ya barabara, mtoto wa watu alisimama kwenye mizani akiwatazama midomo. Kwake yeye kunong'ona na kupayuka vilikuwa kitu kimoja. Alisoma "mzito", alisoma "na ukimya ule", alisoma "wa fundi baiskeli, mimi nawaambia". Jioni mteja mmoja, mama mtu mzima, alimnyang'anya debe mikononi. "Usiinue, mwanangu, utajiumiza." Mizani alimwachia debe. Akampimia, akamrudishia gunia lake, hakukosea hata gramu.

*

Mwalimu wa darasa la sita alikuwa na mwaka mmoja kazini. Chuoni walimfundisha namna ya kukutana na wazazi, na aliandika kwenye daftari lenye jalada la kijani: usikae nyuma ya meza, anza na jema, uliza kabla hujasema. Ijumaa mchana, watoto walipotawanyika, alisogeza kiti chake akakiweka sambamba na viti viwili alivyoazima ofisini. Mwalimu mkuu alipita, akaona.

"Hivi ni viti vya wageni, mwalimu. Wazazi wanakaa madawati. Ukikaa nao bega kwa bega watakuzoea."

Vikarudi ofisini. Msagaji na mkewe walipofika, wakakaa kwenye dawati la darasa la sita, magoti ya baba yakiwa yamebanwa chini ya ubao, shati lake jeupe la kutokea likiwa na unga kwenye kola. Binti aliambiwa asubiri nje, kwenye ngazi. Mwalimu akawa nyuma ya meza, na jambo la kwanza katika daftari lake likawa limeshaharibika. Akashikilia la pili.

"Shikamooni. Kwanza kabisa niseme, binti yenu ana mwandiko mzuri kuliko wote darasani."

Msagaji akamtazama. "Mwandiko."

"Ndiyo, baba. Na ni msafi. Hachelewi."

"Mwalimu, nimefunga mashine Ijumaa, siku ya foleni. Sema lililotuleta."

Mwalimu akalisahau la tatu. "Ni kama nilivyoandika, baba."

"Uligundua lini?"

"Dalili nilianza kuziona muhula uliopita."

"Muhula uliopita. Ukanyamaza."

"Nilitaka kuhakikisha. Niliwapima wote."

"Darasa zima?"

"Wote arobaini na saba. Wawili watatu nao ni wazito kidogo, lakini si kama yeye."

Mama akashika ukingo wa dawati. "Wawili watatu nao?"

"Hao ni wavulana."

Mume na mke wakatazamana. Msagaji akavuta pumzi taratibu, kama mtu anayefungua kamba yenye fundo asilotaka likaze.

"Mwalimu, mimi nataka jina moja tu. Nani kasababisha?"

"Siwezi kumtaja mtu mmoja, baba. Sote tumechangia. Ninyi nyumbani, sisi hapa. Hata mimi mwenyewe."

"Hata wewe."

"Siwezi kujitoa."

Msagaji akasimama. Dawati likasimama naye, kwa sababu magoti hayakutoka, na mkewe akainuliwa upande mmoja kama mtu aliye kwenye ukingo wa mashua. Ilibidi akae tena, na alipokaa hasira ilikuwa imepata aibu juu yake. Mkewe akafungua pochi, akatoa karatasi ya zahanati, akainyoosha kwa kiganja, akaiweka mezani.

"Nesi amempima Jumatano, hana kitu. Sasa, mwalimu, ama nesi mwongo ama wewe."

Mwalimu alisoma. Alifika mstari wa pili akarudi wa kwanza. Uso wake ukabadilika.

"Mama. Mlidhani nimesema ana mimba?"

"Wewe ndiye uliyeandika mzito."

"Mzito wa kuelewa. Wa masomo."

Nje mtu alikuwa akifagia majani, anafagia na kusimama.

"Sikutaka kuandika kwamba anashindwa," mwalimu alisema. "Nilitafuta neno la adabu."

"Neno la adabu," msagaji alirudia. Alijifuta paji la uso, unga ukahamia kwenye nyusi. "Neno la adabu limempeleka mwanangu nyuma ya pazia."

"Nisameheni sana."

"Mtaani kwangu sipiti. Fundi baiskeli ameacha kunisalimu, anadhani namtafuta. Na kweli nilikuwa namtafuta."

Mama alikuwa anaukumbuka mkono wake mwenyewe.

Ingeweza kuishia hapo, kwa samahani na kwaheri, na mtoto asirudi. Lakini msagaji alikuwa ameshalipata jambo jingine la kumuudhi.

"Halafu unasema haelewi. Mizani? Yule ndiye anayeniendeshea mashine. Foleni ya watu ishirini, kila mtu na lake, mimi niko juu, namwambia mara moja tu, kwisha."

"Hapa namwambia mara tano," mwalimu alisema. "Imla anapata sufuri. Ila hesabu za ubaoni hakosi hata moja. Nilidhani anaibia kwa jirani."

"Mwanangu haibi."

"Sasa kule kwenye mashine unamwambiaje, baba? Kelele zile?"

"Nasema kwa mdomo tu."

"Kwa sauti?"

"Sauti ya nini, mwalimu? Mashine inanguruma, hata ukimwita Mungu hasikii. Unatikisa midomo, anaona."

Mwalimu aliinuka nyuma ya meza. Alikuja akasimama karibu na dawati lao, na safari hii hakuwa anafuata daftari lolote.

"Na nyumbani? Mkimwita akiwa amewapa mgongo?"

Mama alijiona chumbani, anakunja nguo zilizokunjwa, anauliza ni nani, ni nani.

Wakamwita mtoto ndani. Yaani mwalimu alimwita mara mbili kutoka mlangoni, hakugeuka. Akamgusa bega, akaja. Akasimamishwa akiwatazama wazazi wake, mwalimu nyuma yake. Mwalimu akasema, kwa sauti yake ile ya darasani, "Kaa chini." Mizani alisimama. Akasema tena, karibu zaidi. Mizani alikuwa anamtazama baba yake, akijaribu kusoma kosa ni lipi. Msagaji akatikisa midomo, bila sauti hata kidogo: kaa. Akakaa.

Mwalimu alitazama ubao. Imla yote aliisoma akitembea kati ya madawati, na maelezo yote aliyatoa huku anaandika, mgongo kwa watoto. Muhula na nusu.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Mizani atakaa dawati la mbele. Mwalimu atasema kwanza, kisha ndipo aandike. Wazazi watampeleka kwa daktari wa masikio wa hospitali kubwa, mwalimu atawaandikia. Waliyapanga hayo watu watatu kwa kusaidiana, huyu akianza sentensi na yule akimalizia, na mtu angepita dirishani angesema hawa wanaelewana. Walizungumza wakitazamana wao kwa wao. Kutoka alipokaa, Mizani aliiona midomo ya baba tu.

"Na barua," msagaji alisema mwishoni. "Andika upya. Herufi za kuchapa, mama yake aisome mwenyewe."

"Niandike ni mzito wa kusikia?"

"Neno hilo la uzito tuachie sisi wenye mizani. Usilitie."

Akaandika: BINTI HASIKII VIZURI. AKILI ZAKE TIMAMU. HANA MIMBA. Mama aliisoma kwa sauti neno kwa neno, polepole, akaipenda. Ilipigwa muhuri.

*

Jumamosi asubuhi msagaji alikoroga unga na maji ya moto, akaibandika barua kwenye mlango wa mashine, usawa wa macho ya mtu mzima. Aliona amemtetea mwanawe. Wateja walisoma wakingoja zamu. "Kumbe," walisema. "Kumbe, maskini." Kisha wakageuka kumsalimu, mmoja mmoja, midomo wameipanua kama wanaopiga miayo, mikono ikipunga. Watoto wa mtaani walipita nyuma yake wakipiga makofi waone kama atageuka, na asipogeuka wanacheka, na akigeuka wanakimbia. Baba wa makamo, msomaji mzuri, alisoma mstari wa tatu mara mbili, akauliza, "Sasa hili la mimba limeingiaje?" Yule aliyekuwa nyuma yake akamweleza tangu mwanzo.

Mshona nguo alivuka barabara kuja kusoma. "Mimi nilisema tangu siku ya kwanza," alimwambia mama. "Nilisema, huyu mtoto ana kitu."

"Ulisema ana mimba."

"Nilisema ana kitu, shoga. Usinitilie maneno mdomoni."

Saa sita mchana Mizani aliweka chini kikombe cha kupimia, akaingia ndani. Hakuugua wala hakulia. Baba alitikisa midomo kutoka juu, mbele yake hapakuwa na mtu. Kabla ya jioni walikuwa wamempa mwenye mtama unga wa mahindi, na mwenye mahindi amegoma kuondoka.

Jumapili mashine ilikuwa kimya. Msagaji alikwenda kutafuta mkanda mpya wa mashine. Mama alifua sare ya shule, akaianika, akaipiga pasi ingali na unyevu, akaitundika kwenye msumari ambapo mtu akiingia lazima aione. Akaweka na soksi chini yake. Alfajiri, wakati baba amelala, barua ilikuwa imebanduliwa mlangoni. Ilibaki pembe moja na alama ya uji. Hakuna aliyeuliza ni nani, nyumba ile kwa sasa ilikuwa imechoka na swali hilo.

Mizani alikuwa uani, anaziba magunia yaliyotoboka. Alipeleka sindano ndefu, akaivuta, akaipeleka.

"Mwanangu," mama alisema kutoka mlangoni.

Akajikumbuka. Akazunguka ua mzima, akapita mbele, akachuchumaa kwenye vumbi mpaka nyuso zao zikawa sawa. Ni lini mara ya mwisho aliwahi kumwomba mtoto kitu, badala ya kumtuma, hakukumbuka. Alisema taratibu, bila kelele, na kwa kuwa hakuzoea, sauti ilikuwa ngeni hata kwake.

"Kesho uende shule. Baba yako amekubali. Mwalimu amekuwekea nafasi ya mbele. Sikulazimishi, Mizani. Nakuomba."

Mizani alimtazama midomo mpaka ikafunga. Akaendelea kuitazama baada ya hapo, kitambo, kama mtu anayejua kwamba maneno hayajaisha. Samahani ya lile kofi mama hakuitoa. Mtoto akainamisha kichwa, akakaza uzi, akaukata kwa meno, akavuta gunia jingine kutoka kwenye rundo.